Dari nzuri, nyumba tanuri

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, fundi hana hatia. Nilishinda usiku mzima kwenye simu nikipekua picha za sebule, na asubuhi nikamwonyesha ile niliyoipenda: dari ya jipsamu yenye ngazi mbili, taa za utepe zimefichwa pembeni, ukuta wa tivi wenye paneli za mistari, pazia limeshuka kutoka juu kabisa hadi sakafuni. Akaitazama, akajikuna kichwa.

"Hii nitakutolea, mama. Lakini haya matundu ya hewa juu ya dirisha itabidi yafunikwe, kwa sababu dari itashuka."

Nikamwambia funika.

Nyumba yetu iko Mamboleo, hapa Kisumu. Vyumba vitatu, mabati juu, na dari ya zamani ya ubao mwembamba iliyokuwa imebonyea katikati na kuchorwa ramani na maji ya mvua. Haikuwa na sura, sikatai. Wiki mbili fundi akawa amemaliza, nami nikapiga picha nikaweka kwenye stetasi. Pongezi zikaja, nikavimba kichwa.

Kisha Januari ikafika. Saa tatu usiku, nje kumetulia na kaupepo kanapita kwenye migomba ya jirani, ndani tunatoka jasho kama watu wanaochimba kisima. Mume wangu akabeba kiti akakihamishia kibarazani bila kusema neno. Watoto wakamfuata na vitabu vyao. Nikabaki peke yangu na taa zangu za utepe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sebule yangu ilikuwa mgeni njoo, mwenyeji ahame.

Jambo lenyewe ni rahisi, na ndilo linaloniuma. Mabati hupigwa na jua tangu asubuhi na kuushusha ule moto chini. Hewa ya moto hupanda, ikafika juu ya chumba, na pale juu ya dirisha ndipo pana mlango wake wa kutokea. Nyumba za zamani za mji huu karibu zote zina vijitundu hivyo, vimepangwa safu juu ya fremu, na sisi tuliozaliwa humo tulidhani ni vya popo na mende kuingilia. Mimi niliuziba mlango huo, nikaishusha dari ili joto liwe karibu na vichwa vyetu, halafu nikaenda dukani kununua feni. Ya kuning'iniza juu ilishindikana, maana bodi ya jipsamu haibebi uzito wenyewe, na hatukuwa tumeweka ubao nyuma yake wa kuishikilia. Nikanunua ya kusimama. Imesimama pale pembeni inatingisha kichwa kama mzee anayekataa mahari.

Picha nyingi tunazoiga zimepigwa kwenye nchi zenye majira ya baridi, ambako mtu hujenga nyumba ili joto lisitoke. Hata hapa nchini hatuko sawa. Dada yangu anaishi Nakuru, upande wa Kiamunyi, na yeye dari ya chini, zulia zito na mapazia mawili mawili vinamfaa kabisa. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, Kisumu iko 1,100 na kitu. Nikilala kwake natafuta blanketi la pili. Akilala kwangu analala juu ya shuka. Yeye akinitumia picha ya sofa ya mahameli anasema "hii itakupendeza", namjibu itakupendeza wewe. Wa Kisumu akikalia mahameli mwezi wa pili, akiinuka sofa inainuka naye.

Jua nalo. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kwa hiyo jua letu linachomoza usoni mwa ukuta wa mashariki na kuzama usoni mwa ukuta wa magharibi karibu mwaka mzima. Dirisha linalotazama kaskazini au kusini halisumbuki sana. La magharibi ndilo adui, na ndilo ambalo mimi, kwa akili zangu, nilikuwa nimelitolea ile pazia ndefu ya gharama. Pazia iko ndani ya kioo. Jua likishapita kioo limeshaingia, hata ukishona pazia ya blanketi. Kivuli kinatakiwa kiwe nje: kibaraza, mti wa mwarobaini, hata jamvi la mafunjo linaloviringishwa na kushushwa saa tisa jua likigeuka. Ya mafunjo utawakuta wasukaji kule Dunga, na ninaweza kuapa kwamba langu limenisaidia kuliko pazia mara tano kwa bei yake.

Na wadudu. Anayeishi karibu na ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya maji kama moshi wa mkaa, jioni wakahamia kwenye kila taa nyeupe mjini. Siku moja nilipanda ngazi kuangalia kwa nini upande mmoja wa utepe umefifia. Nikatia kidole kwenye ule mfereji wa dari tulipoficha taa. Nilikuta tuta la wadudu waliokauka, jeusi, jepesi kama majani ya chai, upana wa vidole viwili, limezunguka chumba kizima. Nilifagia nusu kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia. Katika ile picha ya kwenye simu hakukuwa na mdudu hata mmoja.

Lakini kama kuna chumba ambacho tunakikosea kwa moyo mmoja, ni jikoni. Sasa kila mtu anataka jiko lililo wazi, ukuta ubomolewe, mpishi awaone wageni na wageni wamwone mpishi. Haya. Mpishi huyo anakaanga ngege. Mafuta yanaruka, moshi wa samaki unatembea polepole hadi kwenye makochi, unaingia kwenye vitambaa, unakaa. Jumatano wageni watajua mlikula nini Jumapili. Mimi nasema ukuta wa jikoni ubaki, mlango wa nyuma uwe mpana, na uani pawe na paa dogo la kukaangia. Nyumba ya mama yangu kule Siaya ina jiko la nje na hakuna aliyewahi kuliita la kizamani isipokuwa sisi watoto wake tuliosoma.

Kuna kitu kingine ambacho sijaona mtu akikizungumzia: urefu wa kaunta. Mafundi wa makabati wote wanajua sentimita 90, ndiyo kipimo cha katalogi. Weka meko ya gesi juu yake, weka sufuria ya ugali ya watu wanane juu ya meko. Mdomo wa sufuria sasa uko karibu na kifua chako. Songa. Ugali hausongwi kwa vidole, unasongwa kwa bega na kiuno, na nguvu inatoka juu ikishuka chini. Kwenye kaunta ya picha utausonga kama mtu anayepiga makasia amesimama kwenye pipa. Mimi nilimwambia fundi anikatie sehemu moja ya kaunta, upana wa mita moja, aishushe hadi sentimita 60 pekee, ndipo meko yangu ya kusongea inakaa. Alicheka. Alipokaa kula siku hiyo hakucheka.

Mbao zenyewe: ukiambiwa kabati ni la "bodi", uliza bodi gani, na chini ya sinki usikubali ile ya vumbi la mbao iliyogandishwa. Ikinywa maji inavimba kama mkate kwenye chai, na sinki zote hatimaye huvuja. Sehemu hiyo mimi nimejengewa kwa matofali na kigae, milango tu ndiyo ya mbao. Na acha pengo la kuingiza mitungi miwili ya maji. Maji yatapotea, tusidanganyane.

Sakafuni nilifanya kosa la pili, dogo. Nilinunua ule mkeka wa mbao, yaani plastiki iliyochapishwa ikafanana na mbao, nikaufunika sebule nzima. Udongo wetu mweusi huku unanyonya maji mvua ikija na kupasuka jua likija, na sakafu inacheza nao. Unyevu ukapanda kwenye nyufa, ukakutana na plastiki, ukakaa. Miezi minane baadaye kulikuwa na harufu ya kitambaa cha deki kilichosahauliwa. Tukafunua kona moja. Chini tukakuta sakafu nyekundu ya saruji, ile ya zamani ya kupigwa nta, imeota ukungu mweupe lakini nzima kabisa. Tuliisugua siku mbili, tukaziba nyufa, tukapaka nta. Ukiikanyaga peku mchana inapoza mwili hadi magotini. Shangazi yangu alipoiona alisema, "Sasa hii ndiyo nyumba," akavua viatu, na shangazi yangu havuagi viatu nyumbani kwa mtu.

Chumbani sina mengi. Huku ni nchi ya malaria na kila kitanda kina neti, lakini sijaona picha moja ya chumba cha kulala yenye neti. Watu hununua kitanda chenye ubao mrefu wa kichwani, kisha neti inafungwa kwa kamba na misumari minne iliyopinda. Kama dari bado haijafungwa, mwambie fundi aweke ubao juu ya kitanda na reli ya pazia mstatili, neti itembee juu yake kama pazia. Inaonekana kama kitanda cha mfalme, na kamba haikukabi ukiamka kwenda haja. Bafuni chagua vigae vinavyokwaruza mguu, si vile vinavyong'aa. Nimemaliza bafuni.

Makochi ni ugomvi mwingine. Mimi bado niko upande wa vitambaa vya kufuma, na wachekao wacheke. Kitambaa kinavuliwa kikafuliwa Jumamosi, kochi haliingii kwenye karai. Ukienda kwa maseremala wa Kibuye, waambie kochi liwe na miguu inayopitisha ufagio, na foronya za mito ziwe na zipu. Watakupigia picha ya lile la umbo la L. Sema asante. Kuna viti pia vinavyosukwa kwa gugu maji lililokaushwa, lile lile linalofunga njia za mitumbwi. Nina kimoja kibarazani. Hewa inapita mgongoni, na ninaona raha fulani, sijui niiite kisasi, kulikalia gugu lenyewe.

Sebule je? Dari haikubomolewa yote. Fundi alirudi, tukakata ukanda wote ulio juu ya madirisha hadi matundu yakaonekana tena, akayawekea wavu wa mbu. Kwenye kuta za pembetatu za paa, mbele na nyuma, akatoboa nafasi za hewa ili ule moto wa chini ya mabati upate pa kutokea kabla haujatufikia. Kazi yote ilichukua siku moja na nusu na ikala pesa chache kuliko taa za utepe peke yake. Taa nimezizima, nimeweka balbu moja ya manjano ambayo wadudu hawaipendi sana. Sebule si baridi. Inakalika, na mume wangu amerudisha kiti.

Juzi fundi alinitumia ujumbe. Yuko kwenye nyumba mpya kule Riat, mwenyewe anataka dari ya ngazi tatu.

"Mama, nimemwambia aje aone kwako kwanza. Aje lini?"

Nikamjibu aje saa tisa alasiri. Asije asubuhi.