Waliotuletea Bima ya Meno Wameng'olewa

Tarehe 28 Aprili 2025 Wakanada walipiga kura, na chama cha NDP, ambacho kwa miaka mingi ndicho sauti ya vyama vya wafanyakazi na mrengo wa kushoto, kikaambulia viti 7 kati ya 343. Uchaguzi wa 2021 kilikuwa kimepata 25. Kiongozi wake, Jagmeet Singh, alipoteza hata kiti chake mwenyewe, akatangaza usiku uleule kwamba anang'atuka. Kwa kanuni za bunge la Ottawa, chama chenye wabunge chini ya 12 hakitambuliwi rasmi: fedha za kuendeshea ofisi zinakatwa, na nafasi za kuuliza maswali zinabaki za kudoea.

Tangu hapo nasikia maneno yaleyale, redioni na kwenye magrupu ya Waswahili tunaoishi huku: siasa za kushoto zimekwisha, watu wamezichoka. Sikubali. Chama kimeshindwa, tena vibaya. Ila mambo kiliyoyaleta yapo, yanatumika, na hata waliokuwa wakiyapinga sasa wanaogopa kuyagusa.

Bima ya meno ndiyo mfano wa karibu. Miaka yote kadi ya afya ilikufungulia mlango wa daktari na wa hospitali, lakini jino likiuma ulikuwa peke yako, kana kwamba kinywa si sehemu ya mwili. Mwenye ajira nzuri alikuwa na bima ya kazini. Anayefanya usafi usiku, anayepanga mizigo ghalani, anayelea wazee kwenye nyumba za kutunzia, yaani kazi ambazo wengi wetu ndizo tulizoanzia, alimeza panadoli akasubiri. Machi 2022 chama cha Liberal cha Justin Trudeau, kilichokuwa hakina wingi wa viti, kiliingia makubaliano na NDP: tuungeni mkono serikali isianguke, nasi tutawapa mnachotaka. NDP wakataka meno na dawa. Leo familia yenye kipato cha chini ya dola 90,000 kwa mwaka, isiyo na bima nyingine, inaweza kujiandikisha, na watu waliokubaliwa wamepita milioni 5. Wahafidhina waliupinga mpango huo. Ilipofika kampeni ya 2025, kiongozi wao, Pierre Poilievre mwenyewe, akasema aliyekwisha kuupata hatanyang'anywa.

Sasa kwa nini walioupigania wakanyimwa kura? Kubwa ni Donald Trump. Alipoanza kutishia ushuru na kuiita Kanada jimbo la 51 la Marekani, watu wa mrengo wa kushoto walikimbilia kwa Mark Carney, aliyempokea Trudeau uongozi wa Liberal, ili Poilievre asipite. Ni hesabu inayolazimishwa na mfumo wenyewe: kila eneo linatoa mshindi mmoja, aliyeongoza hata kwa kura moja anachukua kiti, na kura za wengine zinaishia hapo. Trudeau aliahidi mwaka 2015 kwamba huo ungekuwa uchaguzi wa mwisho wa namna hiyo. Februari 2017 akaiweka ahadi kando, na bado nadhani hilo ndilo deni lake kubwa kwa wapiga kura waliomwingiza madarakani. NDP nao walijichanganya. Septemba 2024 Singh alitangaza kuvunja makubaliano kwa maneno makali, halafu wabunge wake wakaendelea kuiokoa serikali ileile bungeni. Mpiga kura wa kawaida atakuelewaje?

Jambo hili si geni Kanada. Anayeleta matibabu mara nyingi hufukuzwa kabla hajashukuriwa, na ushahidi uko Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano. Tommy Douglas, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa kiongozi wa jimbo hilo tangu 1944, alianza na bima ya kulazwa hospitalini mwaka 1947, kisha akaahidi bima ya kumwona daktari kwa kila mkazi. Utotoni, kule Winnipeg, nusura akatwe mguu kwa ugonjwa wa mfupa kwa sababu wazazi wake hawakuwa na fedha. Aliponea kwa daktari bingwa aliyemtibu bure ili wanafunzi wake wajifunze. Hakusahau kwamba mguu wake uliokolewa na bahati. (Msimfanye mtakatifu, lakini. Mwaka 1933 aliandika tasnifu akiunga mkono watu waliohesabiwa duni kiakili wazuiwe kuzaa. Baadaye, akiwa serikalini, aliyakataa mawazo hayo.)

Sheria ilipoanza kazi tarehe 1 Julai 1962, Douglas alikuwa amekwisha kwenda kuongoza NDP kitaifa, na kiti cha uongozi wa jimbo kilikuwa cha Woodrow Lloyd. Siku hiyohiyo madaktari wengi wa Saskatchewan wakagoma, wakidai serikali itaingilia kazi yao na mgonjwa wao. Serikali ikaita madaktari kutoka Uingereza. Wananchi kwa upande wao wakachanga fedha, wakafungua zahanati zao za ushirika, na ile ya Saskatoon inafanya kazi mpaka leo. Mgomo ulidumu siku 23. Sheria ikabaki, lakini wiki mbili hivi kabla ya mgomo Douglas alikuwa ameshindwa uchaguzi wa kitaifa pale Regina, na mwaka 1964 Lloyd naye akaangushwa. Aliyemwangusha, Ross Thatcher, hakuthubutu kuifuta bima. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi.

Mwaka huohuo wa 1964, tume ya Jaji Emmett Hall, iliyoundwa na waziri mkuu wa chama cha Wahafidhina, ilipendekeza nchi nzima iige Saskatchewan. Mwaka 1966 serikali ya Lester Pearson, nayo ikiwa haina wingi wa viti, ikapitisha sheria. Mwaka 1984 ikaja sheria nyingine iliyopiga marufuku kumtoza mgonjwa fedha za ziada kwa daktari au hospitali. Ndugu zetu nyumbani wakiuliza "huko matibabu ni bure?", jibu ni kwamba tunalipa kupitia kodi, ila mlango wa hospitali hauna dirisha la malipo kwa aliye na kadi.

Pengo kubwa lililobaki ni dawa. Ukiwa umelazwa, dawa unapewa. Ukiruhusiwa kurudi nyumbani na cheti mkononi, unajitegemea, au unategemea bima ya mwajiri, au mipango ya jimbo inayotofautiana kwa umri na kipato. Hall aliliona hilo tangu 1964. Mwaka 2019 baraza la ushauri lililoongozwa na Eric Hoskins lilipendekeza mfuko mmoja wa umma wa dawa kwa wote. Sheria iliyopita Oktoba 2024, tunda la yale makubaliano ya NDP, imeanza na mambo mawili tu: dawa za kisukari na njia za uzazi wa mpango.

Wapo wanaosema fedha hakuna, na kwamba dawa ya foleni ni kliniki binafsi. Foleni zipo, sitabisha. Mamilioni ya watu hawana daktari wa familia, na kungoja upasuaji wa goti ni mateso. Lakini hoja ya kliniki binafsi imekwisha kupimwa mahakamani, British Columbia, katika kesi ya Dk. Brian Day na kituo chake cha upasuaji cha Cambie. Kesi iliendeshwa miaka minne, na mwaka 2020 jaji akaikataa. Ushahidi ulionyesha kwamba wenye fedha wakiruhusiwa kulipa ili wapite mbele, madaktari na wauguzi huwafuata, na foleni ya wasio nacho hurefuka. Rufaa ilishindwa 2022, na Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza 2023. Madaktari na wauguzi wetu ni walewale. Ukiwagawa, hawaongezeki.

Wa kwanza kukatwa, kila fedha ikipungua, huwa ni asiye na kura. Mwaka 2012 serikali ya Wahafidhina ya Stephen Harper ilipunguza matibabu ya waomba hifadhi na wakimbizi, wakiwemo watu waliotoka Kongo wakipitia kambi zetu za Afrika Mashariki. Madaktari waliandamana wakiwa na makoti yao meupe, na mwaka 2014 Mahakama ya Shirikisho ikasema hatua hiyo ni ukatili unaokiuka katiba. Huduma zikarudishwa kikamilifu 2016. Halafu bajeti ya 2025, ya Liberal hawahawa, ikatangaza kwamba wakimbizi waanze kuchangia gharama za dawa na huduma za ziada kama meno. Hapo ndipo ninapohisi pengo la wale wabunge 18 waliopotea. Wangekuwepo wote 25 na serikali inawahitaji, kifungu hicho kingepita kwa jasho.

Tulio na uraia na kura, basi, tumuulize mbunge wetu, awe wa Liberal au Mhafidhina, swali moja la dawa. Kufikia uchaguzi ule, waliokuwa wamesaini mpango wa kitaifa ni Manitoba, British Columbia, Prince Edward Island na Yukon tu. Mtu wa miaka 40 mwenye kisukari anayeishi Winnipeg, Manitoba, anachukua insulini bila kutoa senti. Mwenzake wa Kenora, mwendo wa saa mbili kwa gari lakini ng'ambo ya mpaka wa Ontario, kama hana bima ya kazini, anaingia mfukoni. Serikali ya Carney ina bajeti, na inaweza kumaliza mazungumzo hayo ikitaka.