Iangalie ile taa ya O/D OFF

Shemeji yangu alibadilisha plagi, akasafisha nozeli, na bado Toyota IST yake ikawa inakula mafuta. Mwezi uliopita nikapanda naye kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Tulipopita Dumila nikaona taa ndogo ya njano kwenye dashibodi: O/D OFF.

"Shem, hii inawaka tangu lini?"

Tangu alinunue. Aliambiwa ndivyo gari linavyokuwa jepesi.

Tulikuwa kwenye 100, mshale wa mizunguko ya injini uko karibu 3,500. Nikamwomba abonyeze kile kitufe cha ubavuni mwa gia. Taa ikazimika, gari likaingia gia, mshale ukashuka mpaka 2,500 hivi. Mwendo ule ule, ila sasa redio ilisikika.

IST ile ya otomatiki ina gia nne. Ya nne ndiyo ovadraivu (hiyo O/D), yaani gia inayoliacha gari likimbie huku injini ikizunguka taratibu. Ukiwasha O/D OFF umeifungia hiyo ya nne, gari linaishia ya tatu. Injini inazunguka mara elfu moja zaidi kila dakika, inajisugua bure ndani kwa ndani, na mafuta ya kazi hiyo unayalipa wewe. Inaniuma kuona watu wanauziwa vipuri wakati dawa ni kitufe.

Lakini gia peke yake haitoshi. Shemeji alipoona gari limetulia akakanyaga hadi 120, nikamsihi arudi 90. Hewa unayoisukuma mbele ya gari haiongezeki uzito sawasawa na mwendo. Ukinzani wake unakwenda kwa kipeo cha pili, yaani mwendo ukiwa mara mbili, wenyewe unakuwa mara nne. Kutoka 90 hadi 120 mwendo umeongezeka kwa theluthi tu, ila ukinzani wa hewa umepanda kwa zaidi ya robo tatu. Na faida yake? Katika kilomita 100 unaokoa dakika 17. Kwangu mimi hazina thamani hiyo, hasa barabara yenye malori na mbuzi.

Wala sisemi utambae. Kwenye 40 gari halijafika gia yake ya juu, na hapo huokoi kitu.

Jambo jingine ni ile tabia ya kuweka nyutro kwenye mteremko. Injini za nozeli za umeme, ukiondoa mguu kwenye mafuta gia ikiwa imeingia, hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na sailensa, yaani ile ya injini inayounguruma bila kukanyagwa mafuta. Ukiweka nyutro, inabidi inywe ili isizimike, na breki zinabaki peke yake kulizuia gari. Ukishuka mlima wa Kitonga kutoka Iringa, hapo ndipo uiwashe O/D OFF: injini ilishike gari, breki zisiungue. Ukifika Ruaha Mbuyuni, kibonyeze kitufe tena.