Mlinzi wetu kapitiwa na usingizi, mimi namtetea

Wiki iliyopita picha ya mlinzi wa geti letu ilizunguka kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Saa kumi alfajiri, kiti cha plastiki, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, mdomo wazi, rungu limejilalia miguuni. Mmoja akaandika: "Huyu tunamlipa aje kulala?" Vikafuata vikatuni vya kicheko.

Tunasema mtu kapitiwa na usingizi. Hakuufuata, umempitia. Ukiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo saa baada ya saa, na kadiri inavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kahawa chungu anayokunywa mzee wetu haiiondoi. Inaikalia nafasi yake tu kwa muda, kahawa ikiisha nguvu adenosini inarudi kudai chake.

Na wanyama wenye zamu ngumu kuliko yake nao wanalala, ila kwa ujanja. Pomboo hulaza nusu ya ubongo, nusu ya pili ikabaki macho. Utafiti uliotoka 2023 ulifuatilia pengwini wa Antaktika wakati wa kuatamia: walikuwa wanasinzia zaidi ya mara 10,000 kwa siku, kila lepe kama sekunde 4. Ukijumlisha, wanapata zaidi ya saa 11. Tembo majike wawili wa Chobe, Botswana, walipimwa wakaonekana wanalala kama saa 2 tu kwa siku, tena siku nyingine walipitisha saa 46 bila kulala kabisa. Lakini hata wao mwisho walilala. Panya walionyimwa usingizi kwenye maabara ya Chicago miaka ya 1980 walikufa ndani ya wiki chache, na wataalamu hawakupata kiungo kimoja cha kukilaumu.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko hapahapa Tanzania, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 walivalishwa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda wote huo, dakika ambazo wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18. Dakika, si saa! Hakuna aliyepangiwa lindo. Wazee walilala mapema wakaamka mapema, vijana wakachelewa, huyu akageuka, yule akaamka kukohoa, na kambi ikawa na mtu macho karibu usiku kucha.

Kazi hiyo iliyogawanyika yenyewe kwa watu 33, sisi tumembebesha mzee mmoja, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Mchana anarudi kwenye chumba cha bati kando ya barabara ya bodaboda, alale hapo akiweza. Tungeweka walinzi wawili wa kupokezana. Kama mchango hautoshi, basi aruhusiwe kujinyoosha nusu saa, ajue hapigwi picha. Niliyasema haya kwenye kikao, nikaambiwa nina huruma za kizembe.

Kamati ikaamua kiti kiondolewe.

Juzi nimerudi saa nane usiku. Nikamkuta amesimama, bega kwenye nguzo ya geti, rungu mkononi. "Shikamoo mzee," nikasema. Hakuitikia. Nikafungua geti mwenyewe, polepole, lisilie.