Mlima wa Shatrunjaya uachwe upandwe kwa miguu

Nilimsindikiza jirani yetu, bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Mombasa, kwenda kuhiji Palitana, mji wa India ulio chini ya mlima wa Shatrunjaya. Tulianza kupanda giza bado halijapambazuka, miguu mitupu, kila mmoja na fimbo ya mwanzi aliyokodi pale chini. Ngazi zina vidato zaidi ya 3,500. Nilimwacha nyuma mapema. Baadaye akanikuta nimekaa ukingoni, nahema, jasho limenilowesha. "Polepole, mwanangu," akaniambia. "Mlima haukimbii."

Shatrunjaya uko jimbo la Gujarat, huko walikotoka wazee wa Wajaini wengi wa Kenya, wafuasi wa dini ya kale ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote. Juu kuna mahekalu zaidi ya 800, yaliyojengwa, yakabomolewa vitani na kujengwa tena kuanzia karne ya 11. Kuu ni la Adinath, wa kwanza katika Tirthankara 24, walimu wakuu wa dini hiyo. Neno hilo maana yake ni mtengeneza kivuko, na sisi tunaovuka Likoni kila siku uzito wake twaujua.

Mimi ni Mwislamu, lakini nidhamu ya mlima ule ilinigusa moyo. Mahujaji hawali chochote wakiwa juu. Miezi minne ya mvua haupandwi, maana wadudu huwa wengi na nyayo zitawaua. Na jua likizama, hapana anayelala kule, hata makuhani. Mahekalu yote yale, marumaru yote ile, huachwa peke yake hadi asubuhi.

Girnar, mlima mwingine mtakatifu wa Gujarat, tangu mwaka 2020 una magari ya kuning'inia kwenye nyaya. Dakika chache tu, uko juu. Kwa Shatrunjaya naomba jambo hilo lisije likafikiriwa. Najua nitaambiwa: na wazee, na wagonjwa? Wao wana machela. Niliwaona wanaume wawili wakimbeba mzee, mti mabegani, hatua zao zikienda sawa, wakisimama kila kituo kumnywesha maji. Wanastahili kulipwa vizuri kuliko wanavyolipwa, hilo nalisema waziwazi. Lakini mzee yule alikipita kila kidato, alisalimiana na kila aliyekuwa akishuka. Ndani ya gari la nyaya angepita juu ya vichwa vyetu tu.

Na kuna kitu ambacho mtu mwenye haraka hatakiona. Karibu na kilele kuna kaburi la Angar Pir, walii wa Kiislamu, humo humo katikati ya mahekalu. Wanawake wanaotamani mtoto huleta vijisusu vidogo vya mbao na kuviweka pale. Nilisoma Fatiha. Nilipogeuka, bibi alikuwa nyuma yangu, ameinamisha kichwa, anakisogeza kwa ncha ya kidole kijisusu kimoja kilichoanguka ubavu.

Alikuwa ameweka nadhiri ya safari 99, kwa kufuata mara nyingi ambazo Adinath anaaminika kuupanda mlima ule. Tuliposhuka nilidhani atalala siku mbili. Alikaa kwenye kibaraza cha mkodisha fimbo, akasugua visigino, kisha akamrudishia ile yake na kumwomba kwa Kigujarati asimpe mtu mwingine, kesho ataijia saa kumi na moja alfajiri.