Oscar ya 1999: tazameni na hesabu ya kura

Kuna makala ambayo mwandishi wake anadai filamu Shakespeare in Love iliipokonya Saving Private Ryan, ya mwongozaji Steven Spielberg, Oscar ya filamu bora mwaka 1999. Nakubaliana naye nusu tu. Filamu ya Spielberg ilibeba tuzo 5, zikiwemo za uongozaji, upigaji picha, uhariri na sauti. Kwangu ndiyo iliyostahili. Ila utaratibu wa wakati ule ulikuwa na kasoro: filamu 5 zinashindana, kila mpiga kura anachagua moja, basi hata asilimia 21 ya kura ingeweza kutosha kushinda. Tangu sherehe ya 2010 kila mpiga kura huzipanga filamu kwa ngazi, kuanzia anayoipenda zaidi. Yenye kura chache zaidi za chaguo la kwanza huondolewa, kura zake zikahamia chaguo linalofuata, mpaka moja ivuke nusu. Halafu mshindi naye, Shakespeare in Love, asidharauliwe. Tuzo 7, pamoja na ya mswada asilia wa filamu (usiotokana na kitabu au kazi nyingine), si mchezo!