Mizani haioni misuli

Mi naona kwenye haya mambo ya oparesheni ya kansa tunaiamini mizani kupita kiasi. Mgonjwa akipungua kilo wote wanashtuka, asipopungua watu wanatulia, eti mwili bado upo. Mwili upi sasa? Watu wawili wanaweza kulingana kilo na urefu kabisa, mmoja ana misuli ya kutosha, mwingine misuli imeshakwisha mafuta ndo yamejaa, na mizani inawasoma sawa tu. BMI, ile hesabu ya kulinganisha uzito na urefu, nayo ni yale yale, ilitoka kwa Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa anamtafuta mtu wa wastani kwenye jamii, wala hakuwa anawaza mgonjwa anayesubiri kupasuliwa.

Na hii tofauti si ya urembo jamani. Tafiti za kansa ya utumbo mpana, ya tumbo, ya kongosho, zimerudia kuonyesha kwamba wanaoingia chumba cha upasuaji na misuli kidogo wanapata matatizo mengi zaidi baadaye, na kwa wastani wanaishi muda mfupi. Msuli ndo akiba ya protini, ukishapasuliwa mwili unachota humo ili kidonda kifunge na kinga ifanye kazi, hata kukohoa makohozi yatoke usishikwe na nimonia kunataka misuli. Hatari zaidi ni yule mnene ambaye ndani misuli imekonda, maana kwa macho anaonekana mzima. Utafiti wa Canada wa mwaka 2008, kwa wagonjwa wanene wenye kansa za njia ya hewa na ya chakula, ulikuta wa aina hiyo wanakufa mapema kuliko wanene wenzao wenye misuli.

Kinachoniudhi ni kwamba picha ipo tayari! CT skani ya kuangalia kansa imefika wapi inapita hapo hapo kiunoni, kwenye pingili ya tatu ya uti wa mgongo wa kiuno, ambapo ndipo watafiti wanapima eneo la misuli, tena msuli ulioingiliwa na mafuta unaonekana mweusi zaidi. Ila ripoti nyingi zinaongelea uvimbe tu basi.

Sawa, kansa yenyewe inakula misuli, kwa hiyo misuli kidogo wakati mwingine ni dalili tu kwamba ugonjwa umeshakuwa mkali, na kwamba kuijenga kabla ya oparesheni kunarefusha maisha hilo bado halijathibitishwa. Lakini kusubiri tarehe huku mtu amelazwa kitandani siku nzima eti apumzike (ndugu tunapenda sana hii), hapana, kulala kunayeyusha misuli haraka mno. Atembee, ainuke kwenye kiti mara kadhaa, ale protini, miongozo ya lishe ya wagonjwa wa kansa inataja gramu 1 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, mwenye figo mbovu aongee na daktari kwanza. Na siku ya kliniki muulizeni daktari kwenye ile CT misuli ikoje, kama hawaipimi waombeni wampime hata nguvu ya kushika kwa mkono, ni dakika chache tu.