Saa 36 za Msamaha: Kabla Hujalipia Seva ya Kukodi

Matangazo ya seva za kukodi yamefanana mno: poti (tundu la mtandao la seva) ya gigabiti 1, data bila kikomo, upatikanaji asilimia 99.9. Mwenye redio ya mtandaoni pale Ngamiani, Tanga, wakala wa forodha mwenye mfumo wake wa mafaili ya mizigo karibu na bandari, msikiti unaorusha darsa mubashara, wote wanaletewa namba hizohizo tatu na wote wanalinganisha bei kwa hizo. Naona hapo ndipo wanapoumizwa. Utakacholipa na utakachopata vimeandikwa kwenye ukurasa wa masharti, ule ambao watu wanabonyeza "nimekubali" bila kuufungua: data inahesabiwaje, ukizidisha unafanywa nini, huduma ikikatika unarudishiwa nini.

Tuanze na poti. Kasi ya poti inapimwa kwa biti kwa sekunde, mafaili yanapimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Poti ya gigabiti 1 ikijaa inapitisha megabaiti 125 kwa sekunde, sawa na terabaiti 10.8 kwa siku, au terabaiti 324 kwa mwezi wa siku 30. Poti ya megabiti 100 ni sehemu ya kumi ya hapo: terabaiti 32.4 kwa mwezi. Sasa soma masharti ya ile gigabiti 1 "bila kikomo". Mara nyingi utakuta kipengele cha matumizi ya haki: ukifikisha, tuseme, terabaiti 20, poti inashushwa hadi megabiti 10 mpaka mwezi uishe. Ni kama bando la simu linalokuacha na spidi ya kusoma ujumbe tu. Kwa kasi kamili, hizo terabaiti 20 zinaisha kwa saa 44 hivi. Seva ya megabiti 100 isiyohesabiwa data kabisa inakupa hadi terabaiti 32.4 kwa mwezi huohuo, na haishushwi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kwa shughuli nyingi za hapa Tanga, megabiti 100 za uhakika ni bora kuliko gigabiti yenye masharti. Chukua redio. Matangazo ya sauti ya kilobiti 64 yakisikilizwa na watu 500 kwa wastani, usiku na mchana, yanahitaji megabiti 32. Hiyo ni gigabaiti 345.6 kwa siku, terabaiti 10.4 kwa mwezi. Ukinunua kifurushi cha terabaiti 10, kitaisha mwishoni mwa siku ya 29. Na ukishushwa hadi megabiti 10, nafasi iliyobaki ni ya wasikilizaji 156. Wa 157 akiingia, sauti inaanza kukatika kwa wote, kwa sababu poti iliyojaa haichagui nani alitangulia.

Video ni jambo jingine. Picha ya 720p kwa megabiti 2.5, watazamaji 400, tayari umejaza gigabiti nzima. Megabiti 100 hapo zinatosha watu 40. Mwenye kurusha video anahitaji poti kubwa, na ndiye anayekutana na aina ya malipo inayochanganya kuliko zote: asilimia ya 95.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila dakika 5 swichi (kifaa kinachounganisha seva yako na mtandao wa kituo) inasomwa na kasi yako ya wastani inaandikwa. Kwa mwezi wa siku 30 unapata vipimo 8,640. Vinapangwa kuanzia kikubwa hadi kidogo, asilimia 5 ya juu, yaani vipimo 432, vinafutwa, na kinachofuata ndicho unacholipia. Vipimo 432 vya dakika 5 ni saa 36. Saa 36 za juu kabisa katika mwezi umesamehewa, hata ukipiga gigabiti nzima. Februari ya siku 28 msamaha unashuka hadi saa 33 na dakika 36.

Sasa weka hapo darsa la Ramadhani. Kila usiku baada ya tarawehe, saa 2 za matangazo, watazamaji 200, megabiti 500. Saa nyingine zote seva inatumia megabiti 20 tu. Mkataba ni wa megabiti 100, ziada inalipiwa kwa kila megabiti. Usiku 30 mara saa 2 ni saa 60, msamaha ni saa 36. Kwa hiyo kipimo cha 95 kinaangukia ndani ya saa za darsa, na ankara inakuja ya megabiti 500: ziada ya megabiti 400. Kama kila moja ni dola 1, hizo ni dola 400 juu ya kodi ya seva, kwa matangazo ambayo mwenye kuyaandaa ana hakika hakuyafanya ila "saa mbili tu kwa siku".

Darsa hilohilo likihesabiwa kwa jumla ya data linakuwa jepesi. Megabiti 500 kwa saa 60 ni terabaiti 13.5, na saa 660 zilizobaki kwa megabiti 20 ni kama terabaiti 5.9. Jumla 19.4. Kifurushi cha terabaiti 20 kingetosha, bila senti ya ziada. Mwenye kurusha kila siku kwa muda mfupi na kwa nguvu atafute seva inayohesabiwa terabaiti. Mwenye matukio machache makubwa, Maulidi moja, harusi mbili, mahafali ya chuo, asilimia ya 95 inamfaa sana, kwa sababu matukio manne ya saa 5 yanamezwa yote ndani ya zile saa 36.

Kuna njia nyingine ndani ya hesabu hiyohiyo. Punguza kila darsa hadi saa 1 na dakika 10, jumla inakuwa saa 35, na kipimo kinarudi kwenye megabiti 20, ndani ya zile 100 za mkataba. Au angalia tarehe ya kufunga hesabu: Ramadhani inafuata mwezi mwandamo, ankara inafuata tarehe za kizungu. Mwezi wa mfungo ukigawanyika katikati ya ankara mbili, usiku 15 huku na 15 kule, kila upande una saa 30, na pande zote mbili zinasamehewa. Watoa huduma wengi wanakubali kuhamisha tarehe ya ankara ukiomba mapema kwa maandishi. Ni ombi dogo la kuokoa fedha nyingi.

Uliza pia upande gani unahesabiwa. Wengine wanahesabu data inayotoka tu, wengine inayotoka na inayoingia kwa pamoja, wengine ule upande mkubwa kati ya hiyo miwili. Kwa redio haileti tofauti kubwa. Kwa ofisi inayopakia nakala nzima ya gigabaiti 200 kila usiku, hizo ni terabaiti 6 kwa mwezi zinazoingia. Rsync (programu ya kunakili mafaili) ikipeleka mabadiliko peke yake, zinabaki gigabaiti chache. Weka vnstat, programu ya kuhesabu data inayopita kwenye seva, siku ileile unayokabidhiwa seva, ulinganishe hesabu yake na ya mtoa huduma kila Jumatatu. Zikipishana kidogo ni kawaida. Zikipishana mara mbili, huenda anahesabu pande zote mbili, na ni bora ulijue wiki ya kwanza.

Kasi ya poti pia haikuahidi chochote kuhusu kinachofuata nyuma ya swichi. Raki (kabati la seva) yenye seva 40 za gigabiti 1 inaweza kutokea nje kwa laini moja ya gigabiti 10. Wote wakitumia kwa pamoja, kila mmoja anabaki na megabiti 250. Hakuna udanganyifu hapo, ndivyo biashara ilivyo, lakini muulize mtoa huduma uwiano huo na umwombe ajibu kwa tiketi (ombi la maandishi kwenye mfumo wake wa huduma), si kwa simu. Kisha upime mwenyewe kwa iperf3, programu ya kupima kasi, siku tatu mfululizo, saa ambazo majirani zako wana kazi. Seva ikiwa Ulaya, jioni yao ni saa tatu usiku hadi saa saba usiku kwetu. Upimaji wa saa nne asubuhi utakupa majibu mazuri yasiyo na maana.

Na hapa watu wengi wanalaumu seva isiyo na kosa. Wanapima kwa mkondo (muunganisho) mmoja, wanapata megabiti 3 na nusu, wanafungua tiketi ya hasira. Umbali ndio unaofanya hivyo. Pakiti (kipande cha data) ikienda Ulaya na kurudi kwa milisekunde 150, na programu ikiwa na dirisha la kilobaiti 64, haiwezi kupitisha zaidi ya hapo hata poti ingekuwa ya gigabiti 10: inatuma kilobaiti 64, inasubiri jibu, inatuma tena. Pima kwa mikondo 8, sekunde 60, pande zote mbili: iperf3 -c anwani -P 8 -t 60, kisha ongeza -R. Ukitumia mtr kuangalia pakiti zinazopotea, soma mstari wa mwisho kwanza. Ruta ya katikati ikionyesha upotevu wa asilimia 40 na mwisho wa safari ukawa sifuri, hakuna kilichopotea. Ruta ile imepunguza tu kujibu maswali ya aina hiyo.

Tuje kwenye dhamana ya huduma, sehemu ninayoona inaaminiwa kupita kiasi. Asilimia 99.9 kwa mwezi inaruhusu kukatika dakika 43. Asilimia 99.99 inaruhusu dakika 4 na sekunde 19. Lakini angalia kama hesabu ni ya mwezi au ya mwaka: 99.9 ya mwaka ni saa 8 na dakika 45, na zote zinaweza kuangukia siku moja ya kazi bila dhamana kuvunjika. Umeme na mtandao navyo mara nyingi vina dhamana tofauti, hivyo kila kimoja kinaweza kula dakika zake 43 na bado mtoa huduma akawa ndani ya mkataba.

Ikivunjika, unapata nini? Punguzo kwenye ankara ijayo. Tuseme kodi ni shilingi 216,000 kwa mwezi, yaani shilingi 300 kwa saa. Mkataba unaorudisha saa zilizopotea tu, kwa saa 6 za giza utakupa shilingi 1,800. Mkataba unaorudisha asilimia 5 ya kodi kwa kila saa utakupa 64,800. Yote mawili yanaitwa dhamana ya 99.9. Hakuna unaolipa mzigo uliochelewa kutoka bandarini wala tangazo la mdhamini ambalo halikusikika. Na punguzo haliji lenyewe: lazima ulidai kwa tiketi ndani ya muda uliowekwa, mara nyingi siku 30, ukiwa na saa ya kuanza na ya kumalizika. Kwa hiyo weka mfuatiliaji wa nje, yaani programu inayoangalia kama seva inajibu, sehemu mbili tofauti, kila dakika 1. Ukipima kila dakika 5, kukatika kwa dakika 4 kunaweza kupita bila kuonekana, na ile dhamana ya 99.99 huna namna ya kuithibitisha.

Kisha visivyohesabiwa. Kwanza, matengenezo yaliyotangazwa. Kituo cha data cha mashariki ya Marekani kikipanga matengenezo saa sita usiku hadi saa kumi, wakiwa kwenye saa zao za kiangazi, kwetu ni saa moja hadi saa tano asubuhi, wakati mawakala wanafungua ofisi. Majira yao ya baridi inasogea hadi saa mbili. Cha Ujerumani kikipanga saa nane usiku, kwetu ni saa tisa au saa kumi, wengi wamelala, ingawa Ramadhani huo ni wakati wa daku na redio inasikilizwa. Kwangu hii ni sababu nzito ya kuchagua Ulaya badala ya Marekani kuliko tofauti ya dola 10 kwa kodi. Pili, ukishambuliwa kwa mafuriko ya trafiki, mtoa huduma anaweza kuifutia njia anwani yako, isifikike kabisa, ili kuwalinda wengine, saa kadhaa, na muda huo hauhesabiwi.

Tatu, njia kati yako na kituo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo intaneti yake iliathirika sana. Seva zilizoko Ulaya zilikuwa zinawaka, dhamana zao zilikuwa salama, na wateja wengi wa hapa hawakuzifikia. Kazi inayotumiwa na watu wa ndani ya nchi pekee, kama mfumo wa ada za shule au wa mafaili ya mizigo, naona iwekwe Dar es Salaam kwa mtoa huduma aliyeunganishwa na TIX, ambako mitandao ya nchini inabadilishana trafiki bila kupita baharini. Itagharimu zaidi. Redio yenye wasikilizaji walioko Oman na Uingereza ibaki Ulaya.

Kuhusu vifaa: "tunabadilisha diski ndani ya saa 4" huanza kuhesabiwa wao wanapothibitisha tatizo, si unapoliona wewe. Ambatanisha majibu ya smartctl -a (ripoti ya afya ya diski) na namba ya diski kwenye tiketi ya kwanza, utaokoa saa nzima ya kuulizana. Diski ya terabaiti 4 kwenye RAID 1 (diski mbili zenye data ileile) ikijijenga upya kwa megabaiti 150 kwa sekunde inachukua saa 7 na nusu, na katika muda huo umebaki na diski moja tu. Data ikipotea, ahadi ya kifaa haikurudishii hata faili moja. Nakala uliyonayo ofisini Chumbageni ni nzuri kuwa nayo, lakini kupandisha gigabaiti 500 kwa laini ya megabiti 20 ni saa 55 na ushee. Weka nakala ya pili kwenye kituo kingine cha data, kwa mtoa huduma mwingine, na kila miezi mitatu irudishe kwenye seva ndogo ya kukodi kwa saa ukipima muda uliotumika.